Upande wa Samaki

Wanangu mnaosomea unesi, juzi mlikuja kwangu hapa Konde na simu zenu mkononi, mkaketi ukumbini, mkanitaka nikwambieni habari za mzio wa watoto, hicho mnachokiita aleji. Nilikuchekeni kimoyomoyo. Mwenzenu mmoja alipiga chafya tangu alipovuka kizingiti, na hakuna hata mmoja wenu aliyemuuliza kitu. Ulikuwa ni udi niliofukiza kwa ajili yenu, wageni wangu. Mimi niliujua mchezo tangu chafya ya pili, nikanyamaza makusudi nione nani atainua kichwa kwenye simu. Hakuinua mtu. Mwisho nikanyanyuka mwenyewe na magoti yangu haya, nikakitoa chetezo nje, na binti wa watu akapata kupumua.

Siku ile sikusema nililotaka kusema. Chai ilikuwa imeshamiminwa, na nyinyi mlikuwa na furaha zenu za kufaulu mtihani. Leo naliandika, mlisome mkiwa mmetulia. Yale mengine ya kuchekesha nimeyatia njiani, maana peke yake siwezi kulisema.

Kwanza mjue kwamba katika vituo nilivyofanyia kazi mimi hakukuwa na kipimo cha mzio. Kule kudungwa dungwa ngozi kwa matone kunakosomeshwa sasa kulikuwa hospitali kubwa ng'ambo ya bahari, na mtoto wa mvuvi hapelekwi ng'ambo kwa sababu ya mabaka. Kipimo chetu kilikuwa mdomo wa kuuliza na sikio la kusikiliza. Na aliyenifundisha kuuliza alikuwa Mzee Lameck, tabibu wetu pale Micheweni, Mkristo kutoka Bara aliyekaa Pemba mpaka akawa akiitikia salamu kwa mkokoto wetu wenyewe, na watu wa Unguja wakimcheka kwa hilo.

Nilikuwa nimetoka chuo, najiona nimebeba elimu yote ya dunia. Akaja baba mmoja na mkewe, watoto wao na jirani yao, wote nyuso nyekundu, wanajikuna, vichwa vinawagonga. Nikawaandikia mzio mmoja baada ya mwingine, na piritoni kwa kila mtu. Mzee Lameck akazipokea kadi zangu, akazitazama, akaniuliza kwa upole nyumba nzima ile ilikubaliana vipi kupata mzio siku moja. Akamgeukia mama akamuuliza wamekula nini. Jodari, alimnunua jioni kwa bei nzuri. Alikaa wapi mchana kutwa? Juani. Na paka je? Paka naye kala kichwa, katapika mpaka karibu ya kufa. Mzee Lameck akanitazama tu. Kumbe samaki yule alikwisha kuharibika, na samaki wa namna ile akiharibika humpiga kila aliyemla, binadamu na paka. Mzio hauwi hivyo. Mzio humtafuta mmoja kwenye sinia, wenzake wote wakala wakashiba. Kuuliza si ujinga, walisema wazee, na mimi siku ile ujinga wangu ulikuwa ni kutokuuliza.

Tangu hapo nikashika utaratibu wake. Kala nini, na baada ya kula ulipita muda gani? Ilishawahi kutokea, na ikitokea huwa kwa kitu kile kile? Nani mwengine kala, naye yukoje? Mama akikwambia mtoto alikula yai Ijumaa iliyopita na leo ndio ametoka vipele, liache yai lipumzike, tazama sabuni, tazama joto, tazama viwavi vya kwenye miti. Chakula kikimkataa mtoto hakingojei wiki. Mara nyingi hata sahani haijaoshwa.

Kuna wakati wa karafuu, mvua ikitishia, watu wakikunja majamvi na kuzimwaga karafuu ndani, hata chumba cha kulala. Msimu ule vifua vya watoto hubana na mama zao huja kwetu wanalia. Mimi nikakataza udi. Nikakataza ubani. Nilimkataza udi bibi harusi mzima, kisa mtoto wa shemeji yake ana pumu, nusura nipigwe na mashangazi. Mtoto hakupona. Siku niliyokwenda nyumbani kwao nikaona kitanda chake kiko ubavuni mwa chungu ya karafuu inayofika dirishani, na vumbi lake. Tukakihamisha kitanda. Basi nakwambieni, nyumba ya mgonjwa iendeeni kwa miguu yenu, maana hakuna mama atakayekutajieni karafuu. Kwake yeye karafuu si kitu cha kutajwa, ni maisha.

Na msiwe wepesi wa kukataza. Mama mmoja hapa Konde, mke wa mfanyabiashara, mtoto wake alikuwa na ukurutu. Jirani kamwambia ni samaki, akaacha samaki. Mwengine kamwambia ni mayai. Simu ikamwambia maziwa, kunde na kuku. Alipomleta, mtoto alikuwa anakula uji wa muhogo tu, miguu imevimba, nywele zimebadilika rangi, na bado anajikuna. Tulivirudisha vyakula kimoja kimoja, mbele ya macho yetu, dawa ya dharura ipo mezani. Siku ya yai mama yule alilia kabla mtoto hajatia kinywani. Mtoto akala, akalamba kidole, akaomba jengine. Ngozi yake tuliitibu kwa mafuta na kwa kuacha kumwogesha kwa sabuni ya kufulia. Kumkataza mtoto chakula ni dawa, wanangu, na kila dawa ina kiasi chake.

Sasa narudi nyuma, zamani kabla ya simu, kwa Zuwena.

Wakati huo nilikuwa nimehamishiwa kituo cha upande wa mashariki, karibu na diko wanaposhukia watu wa Kojani. Kojani hakufikiki ila kwa chombo. Mama yake Zuwena ni Maryam, mzaliwa wa huku kwetu, aliyeolewa Kojani na mvuvi aitwaye Faki. Faki alikuwa mtu wa dago, yaani hao wavuvi wanaokwenda kupiga kambi mbali, miezi, ndipo warudi. Kwa hivyo Maryam alikaa na mama mkwe wake, Bi Mize, na mtoto wao akalelewa na wawili hao.

Walinijia wote watatu. Zuwena alikuwa amekwisha kuacha kunyonya, anasema maneno yote na mengine ya kuzidi. Aliponiona aliniamkia, "Chei chei," kisha akaniuliza kwa nini viatu vyangu vyeupe havina tope. Nilimpenda pale pale, na sioni haya kusema. Wapo watoto ambao nesi huwapenda kuliko wengine, anayekataa ni mwongo.

Nilipouliza maswali ya Mzee Lameck, aliyenijibu hakuwa mama. Alikuwa Bi Mize. Mara ya kwanza ilikuwa pweza wa kuchoma, midomo ikavimba. Mara ya pili ni supu ya pweza, mabaka mwili mzima na kutapika. Mara ya tatu alikohoa, sauti ikakauka. Kila mara ni muda ule ule, kabla vyombo havijakusanywa. Alijua kila kitu, maana pweza wote hao alikuwa kawachokoa yeye mwenyewe. Bi Mize alikuwa bingwa. Maji yakipwa sana, wanawake wa Kojani wakishuka mwambani na vijiti vyao, yeye hakurudi mikono mitupu. Alikuwa akimtolea mjukuu wake kile kilicho bora alichonacho, na kilicho bora ndicho kilichokuwa kikimdhuru.

Nikawaambia: pweza basi, na ngisi basi, na vya kwenye makombe basi. Samaki ale bila ya wasiwasi. Chungu chake mbali, upawa wake mbali, sahani yake mbali. Asitie mkono kwenye sinia la watu. Wakiona kifua kinabana au sauti inakauka, wasingoje piritoni kufanya kazi, wamlaze na wamlete mbio, maana dawa inayookoa ni sindano, na wakati huo sindano ilikuwa upande wetu wa maji tu. Bi Mize akanisikiliza mpaka mwisho. Akauliza swali moja tu, na mimi sikulipima uzito wake.

"Sahani yake peke yake? Hata siku ya shughuli?"

Nikamwambia hata siku ya shughuli.

Nyinyi ni watu wa hapa, mnajua nilikuwa namwomba nini. Kwetu mtu hali peke yake ila mgonjwa au mgeni au mtu aliyetengwa. Watoto hukusanywa kwenye sinia moja, mtoto wa nani hapaulizwi, na mkono ulio karibu ndio unaolisha. Kumpa mtoto sahani yake mbele ya watu ni kama kumtangaza. Lakini walifanya. Maryam alimnunulia sahani ya bati, nyeupe, ina maua mekundu ukingoni, na Zuwena akawa anajivuna nayo. Alipokuja kliniki kupimwa uzito aliibeba kunionyesha. Muda mrefu ulipita bila ya tatizo hata moja, nami nikawataja kwa mama wengine kuwa mfano.

Siku yenyewe ilikuwa mchana, baada ya adhuhuri. Nilisikia makelele dikoni, nikatoka. Maji yalikuwa yamekupwa, mashua imekwama mbali, na Faki anakuja mbio ndani ya tope, mtoto amemweka begani, wima, kichwa kinacheza. Alikuwa amerudi kutoka dago asubuhi ile ile. Nyuma yake Maryam, na nyuma zaidi Bi Mize, anaanguka na kuinuka.

Nilimlaza Zuwena mezani. Uso ulikuwa umevimba nisimjue. Kifua kilikuwa kimya, na nakuombeni mlishike hili: kifua cha mtoto kilichokuwa kikipiga mluzi kikinyamaza ghafla, msiseme amepata nafuu. Nilimchoma sindano pajani. Nikainua miguu yake. Nikamsukumia pumzi kwa mfuko, nikamchoma tena, mwenzangu anatafuta mshipa na mshipa haupatikani. Mikono yangu ilifanya yote iliyofundishwa, na haikutosha. Zuwena alituacha pale mezani. Innalillahi wainna ilaihi rajiun.

Nilikuwa bado nimeshika mkono wake nilipouliza, kwa mazoea ya kazi tu, maana jibu lake lilikuwa halina faida tena.

"Kala nini?"

Bi Mize akafungua kinywa. Kabla hajatoa neno, Maryam akasema, "Kaokota mwenyewe. Katia mkono kwenye sinia la wenziwe, hapana mtu aliyemwona."

Bi Mize akafunga kinywa chake, akamtazama mkaza mwana wake. Faki alikuwa amekaa chini, tope limemkaukia miguuni, analia kama walivyolia wanaume wachache niliopata kuwaona. Nami nikayachukua maneno ya Maryam yalivyo. Mama aliyefiwa dakika ile ile hahojiwi.

Sasa sikilizeni nilivyofanya na jibu lile. Miaka mingi baada ya hapo, kila siku ya kliniki, mama wakishakaa kwenye mabenchi, nilikuwa nikiwasomesha habari ya mzio, na nikiwatolea mfano. Nikisema mtoto ana mkono mwepesi, huwezi kumwamini. Nikisema palikuwa na mtoto mmoja wa Kojani, mama yake alimhifadhi kwa kila hali, lakini aliokota mwenyewe kwenye sinia, akafa. Sikutaja jina. Niliona nafanya hisani, na pengine ipo mikono midogo niliyoizuia.

Siku moja Maryam alikuwapo pale benchini, na mtoto mchanga mapajani, mdogo wake Zuwena, na Bi Mize ubavuni mwake. Sikuwaona mpaka nilipofika katikati ya maneno. Nikasita, nikamalizia haraka haraka. Maryam alikuwa kainamia mtoto anamfunga kofia ambayo ilikuwa tayari imefungwa. Bi Mize alisimama, akatoka nje, akakaa juani mpaka walipomaliza. Nilidhani ni uchungu wa msiba tu. Na ulikuwa uchungu, lakini si ule niliodhani mimi.

Habari za Bi Mize zilinifikia kidogo kidogo, kwa watu wa mashua. Hakushuka tena mwambani. Kijiti chake cha kuchokolea alikivunja akakitia motoni. Pweza hakumtia tena mdomoni, na hakula tena kwenye sinia na watu. Alichukua ile sahani ya bati yenye maua, akawa anakula pembeni peke yake, hata siku ya Idi. Na palipokuwa na shughuli, harusi au hitima au maulidi, yeye alikuwa wa kwanza kuingia jikoni. Anafunua chungu kimoja kimoja, anauliza kimepikwa nini, upawa huu ulikuwa wapi, yupo mtoto asiyekula kitu? Wapishi wakimtania kwamba Bi Mize kawa mkaguzi wa serikali. Wakubwa wakasema ni utu uzima. Lakini aling'ang'ania mpaka wakazoea. Nimeambiwa, na baadaye nikaona kwa macho yangu, kwamba Kojani leo kabla ya kupakua masinia huulizwa kwanza watoto, na mtoto mwenye sahani yake hachekwi na mtu. Mimi na vyeti vyangu na mabango yangu ya ukutani sikuliweza jambo hilo popote pengine nilipofanya kazi.

Nilistaafu. Bi Mize akawa hawezi, akalala kitandani muda mrefu, kisha tukaletewa habari kwamba amefariki. Nikavuka kwenda taazia, na nikabaki mpaka siku ya hitima. Baada ya kisomo wanawake wakaanza kupakua. Maryam alinivuta chumba cha nyuma, akaniketisha mkekani. Naye amekwisha kuwa mtu mzima, mvi zinamchungulia kwenye ukaya wake wa kichwani. Mapajani ana ile sahani, rangi imebanduka, maua yamebaki mawili matatu.

Tulizungumza habari za maradhi ya Bi Mize. Akaniambia alimlisha kwa mkono wake mpaka tonge ya mwisho. Halafu akanisimulia siku ile.

Wanaume wamerudi dago, nyumba imejaa, masinia yametoka, kila sinia lina wali, pweza wa nazi upande mmoja na samaki upande wa pili. Zuwena kakaa na sahani yake. Jamaa mmoja wa mbali, mwanamke mwenye ulimi, akauliza kwa kicheko tangu lini mtoto wa Kojani akawa hali pweza. Akasema bahari haimkatai wake. Akasema na baba yake huwa dagoni miezi, Mungu ndiye ajuaye. Wenziwe wakacheka. Na Faki yupo upande wa pili wa pazia, na wanaume wenziwe, wanasikia.

Wanangu, neno lile kwa mwanamke aliyeolewa ugenini ni kubwa kuliko kofi. Ndoa zimevunjika hapa kwa madogo kuliko lile. Bi Mize alilisikia, akaona mkaza mwana wake anavuliwa nguo mbele za watu. Basi akamvuta mjukuu wake kwenye sinia, akasema kwa sauti ya kuwatosha wanawake wale tu, "Yuno ni damu yangu, atakula na siye," akakata tonge akamtia kinywani. Kicheko kikakoma. Maryam alikuwa mlangoni, kabeba sinia jengine, mikono miwili imejaa. Mpaka alipolitua, mtoto keshameza.

"Mie nilimwona," Maryam aliniambia. "Na yeye alijua kuwa nimemwona. Pale kwako ulipouliza, nilimwona anataka kusema. Nikafikiri, Faki akisikia, hatamtazama tena mama yake mpaka kufa. Na mwana hatarudi. Ndipo nikasema kaokota. Na wale waliocheka hawakunikanusha, maana kicheko kilikuwa chao."

Nikamwambia, "Na mimi nikamsema mwanao kliniki miaka yote ile."

"Ukimsema," akajibu, bila ya ukali. "Nilikuwa nikimwomba radhi usiku."

Nilimshika mkono. Nikafikiri juu ya lile swali langu, kala nini, nililolibeba tangu kwa Mzee Lameck kwa kujivunia. Sikuwahi kuona kwamba huku kwetu, ambako mtoto hulishwa na kila mkono, ukiuliza kala nini mbele ya watu umekwisha kuuliza nani kampa. Na nani kampa ni swali ambalo familia italizika kabla ya kukujibu. Nyinyi msiliulize namna ile. Ulizeni kumepikwa nini leo. Ulizeni kila mmoja peke yake, nje, mkimtengezea kanga mkitaka, mkimpa maji. Na mtakapompa mtoto sahani yake, msimpe mama peke yake maagizo. Waiteni majirani na mashangazi na wenye ndimi, muwaambie wote, ili asibaki bibi mmoja kuipigania sahani ile na heshima ya nyumba yake kwa wakati mmoja.

Huko nje sauti ya mpishi ikauliza kama yupo mtoto asiyekula pweza. Maryam akasikiliza mpaka alipojibiwa. Kisha akanigeukia.

"Bi Nesi, nina swali langu moja. Nimekaa nalo miaka yote hino. Sinia likiwa moja, pweza kakaa upande huu, samaki upande huu. Mtu akakata tonge upande wa samaki, mbali kabisa na pweza. Tui la pweza lishafika huko?"

Nikafikiria kama ipo njia ya kulijibu isiyoumiza. Haikuwapo, na yeye hakuwa mtu wa kudanganywa.

"Lishafika," nikamwambia. "Tui hupita chini ya wali, jicho halilioni. Kwa mtoto kama yule, kidogo kile kinatosha."

Akashusha pumzi. Machozi yalimtoka, lakini uso wake ulikuwa umelegea nilivyokuwa sijapata kuuona.

"Basi hakujua," akasema. "Aliuzungusha mkono, Bi Nesi. Nilimwona kwa macho yangu, kauzungusha mkono akauvukisha pweza wote, akakata upande wa samaki. Mie nikihofu kukuuliza, nikihofu utaniambia kuwa upande ule haudhuru, maana yake kampa pweza mwenyewe na mie sikuona vizuri. Kila nikimlisha Bi Mize nataka kumwambia nimekusamehe, mama, na moyo unaniambia ngoja, hujui ulichosamehe."

Akaipangusa ile sahani kwa ncha ya kanga, ingawa ilikuwa safi.

"Laiti ungevuka mwezi uliopita," akasema. "Alikuwa bado anasikia."